Uzi Mwekundu kwenye Jeep ya Papa Nzanzu

Jumatatu tarehe 12 Machi 2001, saa moja na dakika kumi asubuhi, jeep ya Papa Nzanzu ilishika moto mbele ya lango la shule. Moto ulianzia chini ya kiti cha nyuma, na juu ya kiti hicho walikaa watoto wake wawili. Eddy, shoferi wa nyumba, aliwavuta nje mmoja mmoja, akaungua kidole. Walinzi wa shule walimwaga mchanga. Kufika saa moja na nusu, nyuma ya gari kulibaki mifupa ya chuma, lakini mbele kulikuwa bado kunang'aa kama vile habari haijafika huko.

Saa tatu Hemedi, fundi wa umeme wa gari, alikamatwa kwenye karakana moja ya Mangobo, mjini Kisangani, akiwa bado ameshika bisibisi. Saa nne askari walirudi palepale kumchukua Déborah, fundi mwenzake.

Déborah alikuwa na miaka kumi na tisa. Shule aliiacha darasa la nne, na tangu hapo darasa lake lilikuwa atelye, karakana ya baba yake, Papa Lambert, mtu wa Yanonge. Mwezi wa sita mwaka uliopita Lambert alikwenda Banalia kutengeneza lori, kazi ya siku tatu. Siku ya tatu mabomu yakaanza kuanguka Kisangani. Vita vya siku sita vilipokwisha, mto Aruwimi ulikuwa umegeuka mpaka: jeshi moja huku, jeshi jingine kule, na Lambert alikuwa kule. Miezi tisa sasa, hakuna barua, hakuna salamu. Kila asubuhi Déborah alipangusa koleo la baba yake na kuliweka upande wa kushoto wa meza, mahali ambapo mkono wa baba ulizoea kulikuta.

Mbele ya jeep walisimama watu wawili. Mmoja alikuwa Papa Nzanzu, mfanyabiashara wa nguo na sabuni, Mnande wa Butembo. Wa pili alikuwa OPJ Kasongo, mpelelezi wa polisi, mwenye suruali iliyopigwa pasi vizuri kuliko vita vyenyewe.

"Papa Nzanzu, elezea huyu binti," alisema Kasongo.

"Kiwanda yenye ilitengeneza hii gari iliandika barua," Nzanzu alisema. "Gari zote za ule mwaka ziko na kasoro. Waya moja inapita chini ya kiti ya nyuma, inaweza kuchubuka na kuwaka. Wanaziita zote zirudi, zitengenezwe bure. Alors, mimi nirudishe wapi? Ndugu yangu wa Nairobi akanitumia kipande ya kuweka, kwa ndege, mu carton. Fizibo na nyumba yake. Waya ikichubuka, fizibo inakata umeme mbele moto haijaanza. Jumatatu iliyopita, tarehe tano, Hemedi aliiweka. Mimi mwenyewe niliona."

"Na leo?"

"Leo haiko!" Nzanzu alionyesha karibu na batri. Mahali pa fizibo, yaani fyuzi, palikuwa na waya mbili zilizounganishwa moja kwa moja, zikafunikwa kwa utepe mweusi. "Alirudi akaiba, akauzisha, akasokota waya. Watoto yangu, Déborah! Olga iko na miaka tisa!"

"Muizi ni fundi, ao fundi ni muizi," Kasongo alisema. "Kesho kutwa, saa sita ya mchana, nampeleka kwa waaskari ya jeshi. Kuchoma gari wakati ya vita wanaita sabotage, hujuma. Uko na kitu ya kusema?"

Déborah alisema kitu akiangalia viatu vyake.

"Sema kwa nguvu, mutoto ya Lambert. Kule chini siafu tu ndiyo wanakusikia."

"Nilisema... naweza kufungua utepe?"

Kasongo alikubali kwa kidevu. Déborah aliinama, akaufungua utepe polepole, mzunguko kwa mzunguko. Chini yake, juu ya kiungo cha waya, palikuwa na uzi mwembamba wa nyavu za samaki, uliopakwa rangi ya ngula, unga mwekundu wa mti, umefungwa mafundo mawili.

Mikono yake ilisimama.

Katika atelye yao kulikuwa na desturi moja. Fundi akikosa kifaa, akaunganisha kwa muda tu, anafunga uzi mwekundu. Uzi ule unasema: kazi haijaisha, gari irudi. Hakuna fundi mwingine mjini aliyefanya hivyo. Ni watatu tu walioujua uzi ule: Lambert, Hemedi na yeye Déborah. Akiusema sasa, amemfunga Hemedi kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa hiyo alinyamaza, akatazama tena. Waya zilisokotwa kuelekea kushoto.

Aliingia mahali pa shoferi bila kuomba ruhusa, jambo ambalo siku nyingine lisingewezekana kwake, akasoma namba za kilomita. Elfu themanini na nne, mia tano na kumi na nne.

"Bwana OPJ," alisema, na safari hii siafu hawakuwa peke yao. "Naomba muniachie nione Hemedi. Na muje pamoja nami, na waya mbili."

*

Saa nane mchana, kwenye kasho, mahabusu ya polisi, Hemedi alikuwa amekaa chini bila mkanda wala viatu.

"Yaya Hemedi," Déborah alisema, kama anavyomwita kaka mkubwa, "usiulize kitu. Sokota hizi."

Hemedi alizichukua waya, akazisokota kwa kufumba na kufumbua. Zilikwenda kulia.

"Sasa mimi." Alisokota zake mbele ya macho ya Kasongo. Nazo zilikwenda kulia.

"Mumeanza atelye mu kasho yangu?" Kasongo aliuliza.

"Ile ya ndani ya jeep imekwenda kushoto. Mutu wa mukono wa kuume, akifanya haraka, inaenda kuume. Mimi nilijifunza nikikaa mbele ya papa, uso kwa uso. Yeye alitumia mukono wa kushoto, mimi nikamufuata kama kioo. Papa njo mutu wa kushoto mu atelye yetu. Hakuna mwingine." Kisha akamweleza habari ya uzi, bila kuficha.

Hemedi alisimama. "Papa Lambert?" alisema kwa sauti ndogo. "Déborah, papa iko muzima?"

"Polepole," Kasongo alisema. "Labda ni kazi yake ya zamani."

"Jumatatu iliyopita pale palikuwa fizibo mupya. Papa Nzanzu aliona kwa macho yake." Déborah aliendelea. "Na mu mulango ya atelye yetu kila gari tunaandika kilomita zake na chokaa. Yaya Hemedi aliandika elfu makumi nane na ine, mia mbili na kumi. Leo inasoma mia tano na kumi na ine. Ni kilomita mia tatu na ine kwa wiki moja. Shule, soko, misa, ata ukizunguka ovyo, ni makumi ine. Mia mbili makumi sita na kitu zilienda wapi?"

Kasongo alitoa kalamu, akaandika, akafuta, akaandika tena. Bengamisa kwenda na kurudi ni kama kilomita mia. Banalia, ukingoni mwa Aruwimi, ni mia mbili hamsini na kitu.

"Papa Nzanzu alikuwa Goma," alisema taratibu. "Tangu alhamisi mupaka siku ya mungu, jumapili. Bon. Donc, kuna mutu alitembeza gari ya wenyewe."

*

Jumanne saa kumi alasiri walikaa uwanjani kwa Papa Nzanzu. Mama Kaswera, mke wake, alileta viti na hakukaa. Eddy aliegemea ukuta, kidole chake kimefungwa kitambaa cheupe. Watu wa mtaa walikuwa wakimwita shujaa tangu jana.

"Mama Kaswera," Kasongo alianza, "papa akiwa Goma, gari ilitoka?"

"Ilienda shule. Ilirudi. Ililala mu parcelle, hapa uwanjani."

"Na siku ya posho, jumamosi?"

"Ililala."

Olga, aliyekuwa akimenya ndizi mlangoni, aliinua kichwa. "Mama, si ilikuwa inanuka samaki ya moshi? Jana ndugu yangu Elisée alifunga pua njia yote."

Papa Nzanzu alimgeukia mkewe. Mama Kaswera alikaa, hatimaye.

"Nilimutuma Eddy Bengamisa," alisema. "Ijumaa ya jioni. Samaki ya moshi, pondu ya majani ya muhogo, na muchele ya kuuza. Biashara yangu mimi, kidogo tu. Wewe ungekataa, papa Olga, ungesema gari ni ya watoto. Alirudi siku ya mungu, tarehe kumi na moja. Alisema mvua ilimufungia njia."

"Ulitaka kuniona natupa Hemedi kwa waaskari, na wewe unanyamaza?"

"Mi nilijua gari ilienda Bengamisa tu! Bengamisa na fizibo, ni kitu gani?" Alianza kulia. Kwa muda mfupi kila mtu alimtazama yeye, na hata Kasongo alifungua daftari ukurasa mpya wenye jina lake. Eddy alitikisa kichwa kwa huruma.

Déborah hakumtazama mama Kaswera. Alikuwa akitazama kidole cha Eddy.

"Tonton Eddy," alisema, kama mtoto anavyomwita mjomba.

"Sema, mama kidogo."

"Bengamisa ni kilomita mia, kwenda na kurudi. Gari yako imekula mia mbili makumi sita."

Eddy alicheka. "Ah! Sasa watoto ya darasa la ine wanafanya hesabu ya mashoferi. Nilipotea njia."

"Ile njia ni moja," Kasongo alisema. "Inakwenda mbele ao inarudi nyuma. Wahenga walisema njia ya muongo ni fupi, Eddy, lakini yako imenishinda. Imefika Aruwimi."

Déborah alifungua kiganja. Kiungo cha waya kilikuwa pale, kimekatwa vizuri, na uzi wake mwekundu.

"Huyu alikuambia nini, tonton? Yule mwenye alifunga hii?"

Eddy aliutazama uzi. Kicheko kilimtoka usoni taratibu, kama maji yanavyopungua kwenye mitego ya wavuvi Wagenia na kuacha miti tu.

"Nilipeleka chumvi na sabuni," alisema. "Makomando ya ng'ambo wanalipa vizuri, wanavuka na pirogue, mutumbwi. Walitaka kuchaji batri za radio yao kwa gari. Nikafunga. Fizibo ikakatika, gari ikakufa palepale. Mupya hakuna. Wakasema kule kwao kuna fundi, wanamushika. Wakamuleta na pirogue."

"Alikuwa namna gani?" Sauti ya Déborah ilikuwa wazi kabisa sasa.

"Amekonda. Ndevu nyeupe. Viatu hana." Eddy alipangusa mdomo. "Aliunganisha, akaniambia: hii ni ya kukufikisha tu. Ukifika Kisangani, mbele watoto hawajapanda, peleka Mangobo. Wataona uzi, watajua. Akanifanya niseme mara mbili."

"Na haukupeleka," Papa Nzanzu alisema.

"Ningepeleka namna gani? Hemedi angeuliza fizibo iko wapi, nani alifunga uzi. Mungejua kama nilikuwa Aruwimi, na waaskari ya huku wangeniua kwa kufanya biashara na ya kule. Nilifunika na utepe. Nilisema itavumilia siku mbili, tatu." Alimtazama Olga na kuangalia pembeni. "Sikutaka watoto waungue. Niliwavuta mimi mwenyewe."

"Na Hemedi?" Kasongo aliuliza.

Eddy alikaza kitambaa cha kidole chake.

Kasongo alisimama, lakini Déborah aliinua mkono, naye mpelelezi akangoja.

"Tonton, kuna kitu haujasema. Papa hawezi kuona gari inarudi Kisangani, akanyamaza."

Eddy aliinamisha kichwa. Kuku walipita kati ya viti.

"Aliomba nimupakie," alisema. "Wale makomando walikuwa wanapakua chumvi, hawakuangalia. Kulikuwa turubai na magunia ya muchele. Alisema atalala chini, hatakohoa. Alisema iko na binti. Nilisema hapana. Angefika, mungejua nilikuwa wapi." Machozi yalimtoka. "Alifunga kapo ya gari, kifuniko ya injini, polepole, akasema: bon, kama si mimi, uzi ufike. Akarudi kwa pirogue."

Mama Kaswera alijifunika uso kwa kitenge. Papa Nzanzu alimwendea Déborah, akamwekea mkono begani.

Jioni ile ile Hemedi alitoka kasho na Eddy akaingia. Wakati anampita Déborah mlangoni, Eddy alisema "pole." Déborah alikuwa amerudi kuwa yule wa zamani, aliangalia viatu vyake.

*

Alhamisi asubuhi mama Delphine, mchuuzi wa chumvi anayesukuma baiskeli yake hadi Bengamisa na kuendelea kwa miguu porini, alisimama mbele ya atelye kujaza upepo.

"Nimesikia unatafuta mutu wa kupeleka barua ng'ambo ya Aruwimi," alisema. "Lete haraka, jua linapanda. Na iwe ndogo, wanapekua mupaka mu nywele."

Déborah alimpa vipande viwili vya waya, urefu wa kidole, vimesokotwa kuelekea kulia. Juu yavyo alikuwa amefunga uzi ule ule mwekundu, mafundo mawili.

Mama Delphine aligeuza waya mkononi. "Na maandishi?"

"Hakuna maandishi."

"Atajua imetoka kwa nani?"

"Atajua kwa kuona mukono."

"Na inasema nini?"

Déborah alitazama barabara ya kaskazini, pale inapopotea kwenye miti. Kiwanda cha ng'ambo ya bahari kilijua namba za gari zake zote, hata ile iliyofichwa na vita, kikaiita irudi. Yeye hakuwa na namba wala ndege. Alikuwa na uzi.

"Inasema kazi haijaisha," alijibu.

Mama Delphine aliifunga waya ndani ya pindo la kitenge chake, akasukuma baiskeli. Déborah alisimama hadi mlio wa tairi ulipokwisha kusikika. Kisha aliingia ndani, akachukua koleo, akalipangusa, akaliweka upande wa kushoto.