Trakta Iliyolala Ubavu

Lokule wa Koboko alikuwa na trakta moja, mke mmoja na wivu wa wanaume kumi. Trakta aliachiwa na marehemu baba yake, mwanajeshi. Mke wake aliitwa Rosa Kiden. Wivu ulikuwa wa kwake mwenyewe, na alimwonea Jacques, fundi Mkongo mwenye gereji mjini.

Yote yalianza na firigisi. Jacques alikuja kutengeneza breki, Rosa akachinja kuku, na firigisi ikaenda kwenye sahani ya mgeni. Firigisi! Kipande cha mwenye nyumba! Lokule alikula ugali wake bila kugusa kuku. Tangu siku hiyo hakutaka hata kulisikia jina la Jacques.

Jumatatu Lokule alikuwa akilima kwenye mteremko. Gurudumu likapanda kichuguu, trakta ikalala ubavu, injini ikazima. Yeye alirushwa kwenye udongo laini, akaumia bega tu.

Jioni Rosa akauliza, "Baba Shakira, trakta iko namna gani? Nimpigie Jacques simu?"

"Hapana! Tumeinua kitambo. Iko sawa."

Ulikuwa uongo. Trakta ililala vile vile mpaka asubuhi, vijana walipoiinua kwa kamba. Lokule akawasha. Tak! Injini haikuzunguka.

"Betri imekufa," akasema. Akamwita jirani yake Akram aje na trakta yake, aivute mpaka iwake.

Akram alikuwa anafunga mnyororo pikipiki ilipofika. Jacques ndiye aliyeiendesha. Na nyuma yake, nani? Rosa! Damu ilimchemka Lokule.

"Umeenda kumuchukua wewe mwenyewe?"

"Nimeenda. Mvua imeanza, watu wanangoja kulimiwa. Wivu haiwezi kulima shamba, Baba Shakira."

Jacques hakutia mguu katika ugomvi wa mke na mume. Aliwasha taa za trakta, zikang'aa. "Betri iko muzima," akasema. Akageuza injini kwa spana kubwa. Ikazunguka kidogo, ikakwama. Akachomoa kijiti cha kupimia oili. "Oili imepungua. Muzee, ililala muda gani?"

"Kidogo tu. Dakika tano."

"Basi imekwama tu. Tuvute!" akasema Akram, akapanda trakta yake.

Jacques akakuna kichwa. "Dakika tano? Hapo sielewi. Kama ililala sana, ningesema oili imeingia juu ya pistoni. Pistoni inakandamiza hewa, lakini oili haikandamiziki. Mutu akivuta kwa nguvu, vyuma vya ndani vinapinda. Injini inakufa."

Lokule alitazama mnyororo. Akisema ukweli, ataaibika mbele ya mke wake, na mbele ya Jacques! Akinyamaza, injini ya baba yake itakufa. Wivu ulimshika ulimi. Akram akatia gia, mnyororo ukaanza kunyooka.

"Simama, Akram!" Lokule alipiga kelele. "Ililala usiku mzima. Nilidanganya. Sikutaka Jacques aje."

Akram akakanyaga breki.

Jacques akafungua nozo zote zinazopulizia dizeli ndani ya injini, akageuza tena kwa spana. Oili nyeusi ikaruka kutoka tundu la tatu, ikampata Lokule kifuani. Jacques aligeuza mpaka matundu yote yakawa hayatoi kitu. Akasafisha chujio la hewa na bomba lake, maana oili ikibaki humo, injini inaweza kukimbia yenyewe ikakataa kuzimika. Akakagua maji na mabomba ya dizeli, akaweka oili mpya, akarudisha nozo. Ndipo akawasha. Moshi wa buluu ulitoka, ukapungua, ukaisha. Trakta ikanguruma.

"Trakta ikipinduka, hapana washa, hapana vuta," alisema Jacques. "Ita fundi. Na umwambie ukweli: ililala upande gani, muda gani. Fundi ni kama daktari, anaanza na kuuliza."

Mchana Rosa alileta kuku. Firigisi aliiweka peke yake kwenye kibakuli, mbele ya mumewe.

"Gawa wewe, mwenye nyumba."

Lokule aliivuta firigisi karibu. Wivu ulikuwepo bado, haumwagwi siku moja. Akaikata vipande viwili. Kikubwa akampa Jacques. Kidogo akampa Rosa.

Yeye akala shingo.