Mkeka Uliomaliziwa Ziwani

Kila asubuhi, baada ya kuteka maji na kufagia uwanja, Zuwena alikaa barazani kwao Rumonge akaanza kusuka. Alisuka ukindu, yale majani membamba ya mkindu. Ukiyasuka, hupata utepe mrefu uitwao ukili, na ukili ukishonwa ubavu kwa ubavu huwa mkeka. Zuwena alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, naye alisuka tangu ana miaka saba. Katika nyumba ile hakuna mtoto aliyemshinda kusuka. Basi ikawa hivyo mpaka Sikujua alipokuja.

Sikujua alikuwa binti ya shangazi yake kutoka Ujiji, mkubwa wake kwa mwaka mmoja. Alikuja kukaa na bibi yao, Kadidja, na mwezi haujaisha majirani walikuwa wanapita makusudi kutazama vidole vyake. Alijua kusuka pembe, yaani alichanganya ukindu mwekundu, mweusi na mweupe, na katikati ya ukili yakatokea maumbo yaliyochongoka kila upande, yote sawasawa. Zuwena alitazama siku moja, akatazama ya pili, na siku ya tatu hakutaka kutazama tena. Roho ilimwuma.

Mwaka huo dada yake Zuwena, Kulthumu, aliozwa kwa Asmani, kijana wa Baraka, ng'ambo ya ziwa. Ndoa ilifungwa Rumonge kwa wakili, ikabaki kumpeleka bibi harusi kwa mumewe. Desturi ilikuwa hivi: ndugu wa bibi harusi huja na mkeka waliousuka wenyewe, wakautandika kwa mikono yao, na wakwe huukagua kabla hajaukalia. Mkeka mbaya ni aibu, na aibu hiyo haiwapati ndugu watakaorudi kwao. Humpata anayebaki.

Zuwena alikuwa na hakika kwamba rangi zitakuwa zake. Kulthumu si dada yake wa tumbo moja? Lakini Bibi Kadidja alipogawa kazi, fungu la ukindu wa rangi alimpa Sikujua. Zuwena akapewa mweupe mtupu.

"Bibi, mbona mimi nyeupe?" aliuliza.

"Kwa sababu mukono wako umetulia. Rangi inaficha makosa, nyeupe haifichi kitu."

Zuwena alijua maneno ya kumbembeleza mtoto akiyasikia. Alinuna, akachukua fungu lake, akaenda kusuka nyuma ya nyumba.

Kazi ilikuwa haijafika nusu habari zilipotoka Baraka: harusi iwe kabla ya Ramadhani, tena mwezi umekaribia. Mjomba Mbaraka, aliyekuwa nahodha, akatengeneza mashua yake. Wakati ule Wadachi ndio waliotawala upande wa Rumonge, na Wabelgiji upande wa pili, na hakuna aliyevuka bila cheti. Tena kulikuwa na ugonjwa wa malale kwenye pwani za ziwa. Kabla ya kupewa cheti kila msafiri alipapaswa shingo, kwa maana uvimbe wa shingoni ulikuwa dalili ya kwanza. Aliyekutwa nao alipelekwa kambini kutibiwa, akakaa huko miezi, mbali na watu wake. Wote walipapaswa shingo, wote wakapewa vyeti.

"Mkeka tutaumalizia njiani," Bibi alisema. "Vidole havihitaji kusimama nchi kavu."

Walivuka kwa siku moja mpaka Ubwari, ile rasi ndefu iliyo mbele ya Baraka. Hapo upepo ukabadilika. Mawimbi yalikuwa makubwa, na Mjomba Mbaraka akavuta mashua mchangani.

"Amahoro kwanza, safari baadaye," alisema, yaani amani kwanza, akawaagiza wapiga makasia wajenge vibanda vya matete.

Siku ya pili pale Ubwari Sikujua alishikwa na homa. Alisuka akitetemeka, macho mekundu, mpaka mchana akalala kivulini, ukili ukiwa bado mkononi. Bibi alikuwa amekwenda kuosha muhogo. Kulthumu alikuwa kibandani, amejifunika kanga kama inavyompasa bibi harusi. Zuwena alibaki peke yake na ule ukili wa rangi.

Aliuinua. Ulikuwa mzuri, na uzuri wake ulimchoma. Aliwaza jinsi wakwe wa Baraka watakavyoshangilia, jinsi watakavyouliza jina la msusi, na kwamba jina lake yeye halitatajwa. Ukili ule ulikuwa wa nyuzi kumi na tatu: rangi katikati, na kando mbili nyuzi nyeupe za kushikia. Kila ukindu unapoelekea kuisha, msusi huunga mwingine. Zuwena alisuka kipande cha urefu wa kiganja, na zile nyeupe mbili za pembeni zilipokwisha, hakuunga. Alificha ncha zake ndani. Kumi na tatu zikawa kumi na moja. Kumi na moja nayo ni witiri, haigawanyiki kwa mbili, kama kumi na tatu, kwa hiyo pembe hazikuharibika, na jicho lisilotafuta kosa lisingeliona. Ukili ulikuwa umepungua kidogo tu upana.

Akaurudisha palepale mkononi mwa Sikujua. Na kusema kweli alifurahi.

Sikujua alipoamka aliendelea alipoachia. Hakuhesabu, nani huhesabu katikati ya ukili alioanza mwenyewe? Alisuka jioni ile na kesho yake yote, pima nne nzima.

Siku ya nne Bibi Kadidja alianza kushona. Alishona ukili wa rangi na wa Zuwena, mmoja mmoja, mkeka ukawa unakua miguuni pake. Ghafla alisimama, akautandaza mchangani. Katikati ulikuwa umejikunja na kuinuka mgongo. Aliubonyeza kwa mkono, ukainuka tena. Bibi alipitisha kidole gumba kwenye ukili, akihesabu kwa midomo.

"Kumi na moja," alisema. "Sikujua! Hii ni kumi na moja. Ulikuwa unasuka ao ulikuwa unalala?"

"Bibi, nilihesabu nilipoanza. Zilikuwa kumi na tatu."

"Hesabu mwenyewe."

Sikujua alihesabu mara moja, akarudia, akarudia tena. Uso wake ulibadilika. "Sikumbuki kuziacha," alisema polepole. "Sikumbuki kabisa. Nililala mchana, nikaamka..." Mkono wake ukapanda shingoni.

Bibi aliona ule mkono. Alitupa sindano, akamvuta karibu na kumpapasa chini ya masikio. "Hapa iko kitu," alisema kwa sauti ndogo. "Kama punje ya mahindi."

Hakuna aliyelitaja neno lile. Lakini kila mtu pale alilijua: mtu wa malale hulala mchana, hupotewa na akili, husahau kazi aliyoizoea. Bibi alimwita Mjomba Mbaraka kando, lakini sauti yake ilifika.

"Tukimufikisha Kulthumu, mashua ikirudi, huyu mutoto umupeleke moja kwa moja kambini. Homa peke yake nisingeogopa. Lakini amesahau mukono wake."

Kisha alichukua fungu la ukindu wa rangi, akaliweka mapajani mwa Zuwena. "Fumua ile mbovu, usuke upya. Sasa ni kazi yako."

Hayo ndiyo aliyoyataka. Rangi zote, nyekundu na nyeusi, zilikuwa mapajani pake, na hakuna wa kumnyang'anya. Zuwena alisubiri furaha ije. Haikuja.

Sikujua alikuja kukaa karibu naye. "Ni vizuri umepewa wewe," alisema. "Mkono wako nauamini. Nyekundu uiloweshe kidogo tu, inavunjika upesi." Alijaribu kucheka. "Zuwena, nikipelekwa kule, umtumie mama habari Ujiji. Lakini usimwambie nimesahau kusuka. Sema nina homa tu."

Zuwena alisuka urefu wa kidole kimoja, vidole vikakataa. Angeweza kunyamaza. Baraka ingemsifu yeye, na siri ingekaa kifuani mwake. Lakini Sikujua angekwenda kambini akiamini kwamba akili yake imeanza kumtoka. Zuwena alipiga moyo konde, akainuka na ukindu wote ukamwagika mchangani.

"Bibi," alisema. "Sikujua hakusahau kitu."

"Unasema nini?"

"Ni mimi. Siku ile alipolala, niliusuka mimi. Nyeupe za pembeni zilipokwisha, sikuunga."

Bibi alimtazama. "Ulikosea?"

"Hapana. Nilikusudia." Machozi yalimtoka. "Nilimwonea wivu. Nilitaka aharibikiwe, nipewe mimi ile kazi. Mimi sikujua kama atadhani ana malale. Wallahi sikujua, Bibi."

Kulthumu alitoka kibandani, ameshika kanga yake kifuani, akasimama akiutazama mkeka ulioinuka mgongo. Hilo lilimwuma Zuwena kuliko kofi. Ule mkeka ulikuwa wa nani, kama si wa dada yake?

Sikujua hakupiga kelele. Aliondoa mkono shingoni, akapumua kwa nguvu, kisha akalia kama mtoto mdogo. Zuwena alimwendea, akapiga magoti mchangani.

"Nisamehe, dada."

"Leo siwezi," Sikujua alijibu. "Labda kesho."

Bibi Kadidja hakumpiga Zuwena. Alimpapasa Sikujua shingo kwa mara nyingine, safari hii bila haraka. "Homa inaweza kuvimbisha shingo. Daktari atakuona tukirudi, maana ugonjwa hautibiwi kwa kukisia. Lakini hutapelekwa kama mutu aliyepotewa akili." Kisha akamgeukia mjukuu wake mwingine. "Wewe, fumua. Pima nne zote. Ukindu ukikatika hata mmoja, utaniambia utapata wapi mwingine."

Zuwena alifumua. Alifumua alasiri ile mpaka ncha za vidole zikachubuka, akapanga nyekundu peke yake na nyeusi peke yake, akazilowesha na kuzinyoosha. Fungu la rangi alilirudisha kwa mwenyewe, Sikujua. Alfajiri upepo ulikuwa umetulia, na Mjomba Mbaraka akasema wanaondoka, mkeka uwe tayari au usiwe.

Basi waliumalizia majini. Sikujua alikaa kwenye ubao wa katikati akisuka, homa imempungua. Zuwena alichuchumaa mbele yake, akimpa ukindu mmoja mmoja. Ule uliofumuliwa ulikuwa mfupi, ukahitaji kuungwa kila mara, na kwa kila kuunga Sikujua alihesabu kwa sauti mpaka kumi na tatu. Kila hesabu ilikuwa kofi, na Zuwena aliipokea. Nyuma yao Bibi alishona, na wapiga makasia waliimba wakiwatania kwamba mkeka una mbio kuliko mashua. Vibanda vya Baraka vilipoanza kuonekana, mstari mmoja ulikuwa bado. Walipofika mchangani na wanawake wa Baraka wakipiga vigelegele, Bibi alikuwa anakata uzi wa mwisho kwa meno.

Zuwena na Sikujua waliutandika pamoja ndani ya nyumba ya wakwe. Ulilala chini ukatulia, hauna mgongo wala kona iliyoinuka. Mama mkwe aliinama, akapitisha kiganja juu ya zile pembe nyekundu na nyeusi.

"Ee, watu wa Rumonge! Hii rangi ni mukono wa nani?"

Kulthumu, chini ya kanga yake, alimtazama mdogo wake. Zuwena akasogea mbele.

"Ni mkono wa Sikujua," alisema kabla mtu mwingine hajajibu. "Binti ya shangazi. Ni yeye peke yake anayeijua pembe hii."

Wanawake walimzunguka Sikujua. Mmoja alivua shanga zake akamvisha. Juu ya ukili mweupe, pima baada ya pima, hakuna aliyesema neno. Kulthumu akaketi, na vigelegele vikaanza upya.

Zuwena alitoka nje akakaa karibu na jiko la wapishi, akijifanya anatazama ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, wakikaangwa kwa mawese. Bibi Kadidja alimkuta hapo.

"Bado inaniuma, Bibi," Zuwena alisema. "Nimesema kweli, na bado inaniuma. Walipomvisha zile shanga, nilitamani zikatike."

"Najua. Nilikuwa nakutazama." Bibi aliketi taratibu, akinyoosha magoti yake. "Mujukuu wangu, wivu ni kama njaa. Unakuja bila kuitwa, na hakuna mutu mwenye roho asiyeujua. Mwenye njaa hana kosa. Kosa ni kwenda kumwaga chungu cha jirani. Kule Ubwari uliumwa ukamwaga. Leo umeumwa palepale, ukasema jina la mwenzako mbele za watu. Unaona tofauti? Kuumwa hukuchagua. Kusema umechagua."

"Na ikirudi tena?"

"Itarudi. Ukiona mwenzako anajua usichokijua, usimharibie. Mwombe akufundishe. Hiyo ndiyo dawa ninayoijua, nayo ni chungu. Amka sasa."

Zuwena alifuta uso kwa ncha ya kanga. Sikujua alikuwa nyuma ya nyumba, akikusanya mabaki ya ukindu wa rangi. Zuwena alisimama mbele yake, mikono hajui aiweke wapi.

"Nifundishe ile pembe," alisema.

Sikujua aliweka chini ukindu aliokuwa ameukusanya. Kisha akasogea, akamwachia nafasi kwenye gogo.

"Kaa," alisema. "Lakini wa kuhesabu ni mimi."