Mlango wa Nyuma Kushoto

Choo cha godauni hakikuwa na komeo. Kilikuwa hivyo tangu chama kilipokodisha mahali pale, na kila aliyeingia alilazimika kuushikilia mlango kwa mguu, au kuimba, ili watu wajue kuna mtu. Kwa hiyo Lemein alipoanza kugonga kutoka ndani wakati wa chai, akisema mlango umekataa, watu walicheka.

"Umekataa aje na hauna hata kufuli?" Ishmael, mwenyekiti wa chama, alimwuliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Kijana, sukuma! Ama harusi imekumaliza nguvu kabla haijafika?"

"Nimesukuma, mzee."

"Basi vuta."

"Nimevuta pia. Kujeni mnifungulie, tafadhali. Huku hakuna hewa."

Waithera ndiye aliyeweka kikombe chini. Aliugusa mlango kwa kidole kimoja, ukafunguka mwepesi kama pazia. Lemein alitoka akitweta, shati limemganda mgongoni, akapita katikati ya vicheko bila kumjibu mtu. Waithera alibaki akitazama ndani. Alikuwa mtu wa kutazama vitu mara mbili. Choo kile hakikuwa na paa. Upepo wa Kitengela ulikuwa ukiingia kwa juu na kuirusha karatasi huku na huku, na Lemein alikuwa amesema hakuna hewa.

Hiyo ilikuwa siku moja baada ya kuukata ule mlango wa gari.

Chama chao kilikusanya magari ya zamani ya Kajiado pamoja na habari zake. Waithera alikuwa amesomea historia chuo kikuu, na kazi yake ilikuwa kufuata maisha ya kila gari: nani alilinunua, nani alilipaka rangi nyingine, lilibeba nini, liligonga wapi. Lemein alikuwa fundi, mtoto wa Kajiado mjini, mwenye mikono ya kuchomelea chuma kikashika kama kimezaliwa hivyo. Alikuwa pia mchumba wa Waithera. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wameshakaa, na ng'ombe walikuwa wameshazungumziwa.

Gari lenyewe lilikuwa Peugeot 404 ya rangi ya maziwa, iliyotoka Entarara, karibu na Loitokitok. Mwanamke aitwaye Tabitha aliitoa bure. Ilikuwa ya marehemu baba yake, mfanyabiashara wa maharagwe. Aliwapa sharti moja tu, tena akalirudia wakati gari linapandishwa kwenye lori: "Huo mlango wa nyuma kushoto muuache vile uko."

Mlango huo ulikuwa umechomelewa pande zote, mshono mnene na mbaya, wa mtu aliyekuwa na haraka.

Chama kiligawanyika. Ishmael alisema mshono nao ni historia, mwenye gari alikuwa na sababu zake, waache. Waithera alisimama akasoma kanuni ya chama: gari lirudishwe lilivyotoka kiwandani. Kisha akaonyesha picha aliyoipata kwa jamaa wa marehemu, gari limeegeshwa mbele ya kanisa, mlango ule ule uko wazi na mtoto amekaa kizingitini akila muwa. Alikuwa na kanuni, alikuwa na picha, na maonyesho ya Kajiado yalikuwa yanakaribia. Walipiga kura, akashinda.

"Ukate," alimwambia Lemein.

Lemein alipiga grinda mpaka mshono ukaisha, akavuta, mlango ukaachia. Harufu iliyotoka haikuwa ya kutu. Ilikuwa harufu ya chumba alicholala mtu madirisha yakiwa yamefungwa, pumzi juu ya pumzi, na ndani yake uchachu wa maziwa yaliyosahaulika kwenye kibuyu. Waithera alishangaa, kwa sababu milango mingine mitatu ilikuwa imekaa wazi wiki nzima wakiosha viti, na hakuna aliyesikia harufu yoyote.

Baada ya choo ilikuwa ofisi. Baada ya ofisi ilikuwa stoo ya vipuri, halafu pikapu ya Ishmael, ambapo Lemein alikwama kituo cha mafuta huku watu wakimtazama akipiga kioo kwa viganja. Kila mara ilikuwa vile vile. Mlango ulimkataa yeye tu, tena kutoka ndani tu. Mtu yeyote wa nje akigusa, unafunguka. Lakini kuanzia ofisini, mahali penyewe palizidi kuwa padogo, na kila mara Lemein alitoka midomo imebadilika rangi zaidi. Ishmael aliacha utani. Alileta watu wa kanisa lake, wakaomba mchana kutwa wakiwa wamemwekea mikono, na siku hiyo ilipita shwari. Kesho yake akakwama tena, ndani ya kabati la vyuma ambamo aliapa hakuingia.

"Waithe," Lemein alimwambia Waithera kwa sauti ya chini. Walikuwa wamekaa nje kwenye jua kali, mgongo wake kwenye uwanda mtupu, kwa sababu hakutaka tena kukaa karibu na ukuta. "Nikifungiwa, siko peke yangu."

"Unamaanisha nini?"

"Kuna mtu anakaa kando yangu. Simwoni. Ananisongea tu, pole pole, kama abiria mwenye adabu anayeomba nafasi. Halafu anavuta pumzi. Akivuta yeye, mimi sipati."

"Anasema kitu?"

"Hasemi. Anafurahi. Enkai ai, Mungu wangu, Waithe, nasikia vile anafurahi."

Waithera alimshika mkono akamwambia hatamwacha peke yake hata kidogo, na alitimiza. Alikuwepo basi, hatua chache tu kutoka kwake, asubuhi ile ya baridi ambapo Lemein alivaa sweta.

Aliingiza kichwa, akainua mikono, na hapo sweta likakataa, si kushuka wala kupanda, shingo ya sufu ikajikaza juu ya uso wake kama mfuko uliofungwa kwa kamba, na Waithera, aliyedhani mwanzoni anafanya mzaha, aliona sufu ikiingia na kutoka mahali pa mdomo, ikiingia zaidi, ikitoka kidogo, akakimbia akavuta kwa mikono miwili na halikusogea, akatafuta makasi mezani, kwenye mkebe, chini ya magazeti, huku nyuma yake magoti ya Lemein yakigonga sakafu, na alipoyapata na kukata kuanzia kifuani kwenda juu, ule uchachu wa maziwa ulimpiga usoni, na kwa muda mfupi kabla kitambaa hakijaachana kabisa, alihisi wazi, upande wa pili wa sufu, mkono mwingine ukishikilia.

Lemein alilala chini akikohoa. Hakuna mlango uliokuwa umehusika. Kitu kile hakikuhitaji tena mlango.

Waithera alimpigia simu Tabitha akiwa bado ameshika makasi.

"Mmefungua," Tabitha alisema, kabla hata ya salamu kuisha.

"Tumefungua."

"Si niliwaambia? Si niliwaambia nikarudia, wewe msichana?"

"Ulituambia, mama. Nisamehe. Kilichotoka kinamwua mchumba wangu. Nifanye nini?"

Tabitha alivuta pumzi ndefu. Kwa mbali, kuku walisikika wakigombana. Alieleza kwa mkato, kama mtu anayepita juu ya miiba. Baba yake alikuwa ameenda pwani kutafuta jini la mali, kama walivyofanya wafanyabiashara wengine ambao hawakusema. Alirudi nalo kwenye gari, kiti cha nyuma kushoto. Maharagwe yakauzika. Kisha dereva wake akakutwa amekufa ndani ya stoo isiyo na kufuli.

"Halitaki damu," Tabitha alisema. "Linataka mtu wa kukaa naye mahali pamefungwa. Basi. Na haliwezi kurudishwa, lakini linaweza kufungiwa. Likishafungiwa na kutulia, milango mingine haina neno, watu wanaingia na kutoka. Ni ule wake tu usiguswe."

"Tunalifungia vipi?"

"Lazima mtu akae ndani alikaribishe. Likishaingia, mlango uchomelewe haraka. Halafu mtu akae nalo mpaka litulie. Kabla halijatulia, mtu wa nje asifungue mlango wowote, kwa sababu linatoka na mkono uliofungua. Na kijana wako asikae yeye. Nani alisema mlango ukatwe?"

"Ni mimi."

"Basi yeye ni mkono tu. Wewe ndiye ulilifungulia. Likisikia unaliita, litamwacha."

"Baba yako ndiye alikaa nalo?"

"Ndiye."

"Na alitoka salama?"

Kuku walinyamaza, au Tabitha alikuwa ameingia ndani ya nyumba.

"Tulimtoa na mlango wa kulia," alisema.

Waithera alikuwa na tabia ya kuwasahihisha watu maneno, tabia iliyowachosha rafiki zake. Aliulizia kutoka, akajibiwa kutolewa. Alilishika neno hilo akalitazama, halafu akalitazama mara ya pili.

"Mlimtoa lini?"

"Lilipotulia," Tabitha alisema, na simu ikakatika.

Lemein alikuwa ameketi mlangoni pa godauni, mguu mmoja nje, akishikilia shati mbali na shingo yake kwa vidole viwili.

"Amesema nini?"

"Nikae ndani ya gari nilikaribishe, wewe uchomelee. Halafu nikae nalo mpaka litulie. Halafu mlango wa kulia."

"Kwa nini si mimi?"

"Ni mimi nilisema ukatwe."

"Baba yake alifanya hivyo?"

"Alifanya."

"Na mlango wa kulia ulifunguka?"

"Ulifunguka," Waithera alisema. Haukuwa uongo, na alishangaa jinsi jibu lilivyotoka kirahisi.

Lemein alimtazama usoni. Alikuwa anakonda. Kola ya shati, ingawa aliishikilia, ilikuwa imeshaacha alama nyekundu kuzunguka shingo yake.

"Ukiona mambo ni mabaya unipigie kioo," alisema. "Nitakutoa hata kama ni kwa shoka."

"Sawa."

Ishmael hakuwepo. Alikuwa amekwenda Kajiado kupanga nafasi za magari ya maonyesho, na Waithera hakumpigia, kwa kuwa angewazuia. Walitoa betri, wakamwaga petroli yote, wakaloweka blanketi zito la kumkinga na cheche. Jua lilikuwa la mchana, mabati yakilia kwa joto, na lori za saruji zikipita barabarani kama siku yoyote. Waithera aliingia kwa mlango wa kulia akaufunga, akaketi nyuma ya kiti cha dereva. Nafasi ya kushoto aliiacha wazi. Lemein alisimama nje, akiwa ameshika mlango uliokatwa, barakoa ya kuchomelea ikiwa juu ya paji la uso. Hakuthubutu kuishusha.

"Karibu," Waithera alisema.

Hakuna kilichotokea. Alijisikia mjinga. Kisha akafikiria jinsi mama yake anavyowakaribisha wageni nyumbani, asitamke neno tu bali asogee, na Waithera akasogea, akajibana upande wake wa kulia ili kuachia nafasi zaidi.

"Karibu," akarudia. "Ni mimi niliyekufungulia. Kaa."

Kiti cha kushoto kilibonyea. Springi zililia moja moja, kama za mtu mzito anayeketi taratibu kwa heshima, na ile harufu ikaja, nzito kuliko mara zote, na nje ya mlango Lemein alijinyoosha ghafla kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni, akavuta pumzi iliyokwenda mpaka chini kabisa, ya kwanza tangu siku ile ya choo, akaitoa, akavuta nyingine, macho yamejaa machozi.

"Funga!" Waithera alipiga kelele.

Alifunga, akashusha barakoa, na barakoa haikumfanya lolote. Moto mweupe ukaanza kutembea kwenye ukingo wa mlango. Chini ya blanketi Waithera alisikia chuma kikishikana, kona hadi kona, na kadiri mshono ulivyosonga hewa ilipungua, si kwa moshi, kwa sababu moshi ulikuwa ukitoka kupitia nyufa za sakafu na aliuona ukitoka, bali kwa sababu kitu kando yake kilikuwa kimeanza kuvuta pumzi ndefu, za starehe, na kila alipofungua mdomo kuvuta yake alikuta imeshachukuliwa, na bega lisiloonekana likaja likaegemea bega lake, si kwa ukali, likatulia hapo kama bega la mtu aliyefika nyumbani baada ya safari, na akajua kwamba bado halijatulia, hii ilikuwa furaha tu, kutulia kungekuja baadaye, yeye akiwa ameshaishiwa pumzi kabisa.

Mwanga ukazimika. Alitupa blanketi. Kupitia kioo alimwona Lemein akitupa barakoa, kisha akivua shati, akilivuta juu ya kichwa likipita bila shida, akilivaa tena, akilivua tena, akiruka pale vumbini kama moran mwenye sherehe.

"Imekubali!" alikuwa akisema. Sauti yake ilikuja kutoka mbali sana. "Waithe, imekubali! Nimepona!"

Alilizunguka gari mbio kuja upande wa kulia, mkono umenyooshwa kwenye kishikio, meno yote nje. Waithera aliona vile vidole, vyenye makovu ya cheche aliyoyajua moja moja, vya mkono ambao lingetoka nao. Alibonyeza kifungio cha ndani kwa kidole gumba, akakishikilia chini.

Lemein alivuta mlango mara ya kwanza, bado akicheka.