Magunia ya Kura za Wazee

Ford nyeupe ilipita taa nyekundu bila kupunguza mwendo.

Odessa Pruitt naye akapita.

Gari lake la Charger liliteleza kwenye theluji ya Aprili, likakwaruza nguzo, likanyooka. Muda haukuwa upande wake. Vituo vya kura vya mji wa Milwaukee vingefungwa jioni hiyo. Kura yoyote ya posta ambayo ingechelewa kufika ofisi ya uchaguzi ingekuwa takataka.

"Stan, wako wapi?"

"Wamevuka daraja, wanaelekea bandarini," mwenzake alijibu redioni. "Kidude chako bado kinalia."

Kidude chenyewe, cha kuonyesha bahasha ilipo, kilikuwa kidogo kuliko ukucha. Odessa, mpelelezi wa serikali kuu, alikuwa amekificha asubuhi ndani ya bahasha ya Bibi Earline Dobbs, kwenye makao ya wazee upande wa kaskazini. Bibi ndiye aliyepiga simu kulalamika. Kuna watu wenye vitambulisho bandia walikuwa wakipita chumba hadi chumba, wakikusanya kura za wasioweza kutembea.

"Baba yangu alipigwa marungu kule Mississippi kwa kutaka kujiandikisha kupiga kura tu," bibi alimwambia. "Leo huyu mwenye meno ya dukani ananiita kipenzi, halafu aondoke na kura yangu? Binti, mlete hapa nimzabe kofi."

Ford ilikata kona, ikaingia kiwanda cha zamani cha kuyeyushia chuma. Bomba la moshi lilikuwa linafuka.

Kiwanda kilichofungwa miaka mingi. Moshi wa nini?

Odessa alikanyaga mafuta. Walikuwa wanakwenda kuzichoma kura.

"Wamewasha tanuru, Stan. Naingia."

"Subiri wenzako!"

Hakusubiri. Charger ililivunja lango la mabati.

Dereva wa Ford alichomoa bastola. Odessa aliruka nje, akafyatua bastola yake ya Glock kabla ya miguu yote miwili kugusa chini. Risasi ilimpata dereva begani. Akaanguka akilia kama mtoto.

Mbele ya tanuru alisimama Garrett Lindqvist, koti la sufu, viatu vinang'aa. Ndiye aliyekuwa akimtafutia ushindi mgombea umeya wa matajiri wa majumba ya ufukweni. Mikononi alikuwa na gunia la kura; mengine matatu yalikuwa miguuni pake.

"Weka chini."

"Hasira za nini, dada?" Alitabasamu kwa meno ya dukani. "Robo tu ya mji huu ndiyo hupiga kura. Waliobaki wako kwenye sofa na bia zao. Wakilala wote hivyo, magunia manne yanatosha kumweka meya. Walaumu hao."

"Uliowaibia hawakulala."

"Vizee! Nani atawauliza?"

Akalirusha gunia kuelekea motoni.

Odessa aliruka. Alilidaka mdomoni mwa tanuru, mkono wa koti lake ukashika moto. Aliuzima kwa kuupiga pajani, akageuka, akamtandika Lindqvist kitako cha Glock. Meno ya dukani yakamwagika sakafuni.

Alitamani kuongeza. Alitamani sana. Akamfunga pingu, akatoa taarifa redioni.

Redio ikakoroma. Safari hii alikuwa mkuu wake, Haverkamp.

"Kazi nzuri, Pruitt. Magunia yote yaende maabara. Ni ushahidi."

"Yatakaa huko muda gani?"

"Wiki kadhaa. Taratibu unazijua."

"Bosi, vituo vinafungwa jioni hii! Yakienda maabara, huyu mshenzi ameshinda, na sisi ndio tumemmalizia kazi."

"Hiyo ni amri."

"Ushahidi ninao. Una pingu na hauna meno. Hizi ni kura."

Akaizima redio.

Stan alipofika aliangalia magunia, akaangalia mkono wa Odessa ulioungua. Aliwaachia wenzao wale wahalifu, akabeba mawili.

Foleni nje ya ofisi ya uchaguzi ilikuwa fupi mpaka inatia uchungu. Odessa aliipita mbio, akayabwaga magunia mezani.

"Hizi ni kura za makao ya wazee. Ziliibwa. Muda bado upo?"

Karani mkuu, mwanamke mwenye miwani shingoni, alikagua bahasha ya kwanza. Imefungwa. Saini ipo. Ya pili. Ya tatu.

"Muda upo," akasema, akagonga muhuri. "Zinaingia."

Muhuri uliendelea kugonga. Odessa alisikiliza kidogo, kisha akatoka.

Haverkamp alikuwa ngazini, amevimba kwa hasira.

"Umekaidi amri ya wazi! Nitakuandikia ripoti, Pruitt!"

"Andika," alisema Odessa bila kusimama. "Jina langu linaishia na T mbili."

Akashuka ngazi, akaingia kwenye theluji.