Mananasi ya Anania

Odilia na Anania walikutana kwa ugomvi, sokoni Kasulu, watu wakiwa wamefurika. Odilia, muuza juisi wa karibu na stendi, amevaa gauni la njano na kilemba alichokifunga kwa haraka, alibonyeza nanasi akasema hilo ni maji matupu. Anania, mkulima wa Makere, akalikata palepale akamwonjesha. Lilikuwa utamu mtupu. Odilia aliondoka na mananasi kumi na namba ya simu.

Miezi minne wakapigiana simu kila siku. Anania alimwita "asali wangu". Odilia alimtania kwamba anampendea mananasi tu. Alipomuuliza kama anatumia busta, ile dawa ya kukuzia matunda, Anania aliapa hajawahi. Basi Odilia akaandika ukutani kwa rangi nyekundu: JUISI YA MATUNDA YASIYO NA DAWA. Wateja wakaongezeka, wengi wao akina mama wenye watoto.

Jumamosi moja Odilia alipanda bodaboda hadi Makere bila kumwarifu, amebeba chapati. Akamkuta shambani, bomba mgongoni, anapulizia busta.

Anania akajieleza harakaharaka: dawa ni halali, kipimo alifundishwa na bwana shamba, na bila hiyo matunda yanadumaa.

"Sina ugomvi na dawa yako," Odilia alisema. "Ungeniambia, ningeamua mwenyewe. Umenifanya nidanganye watu kila asubuhi huku nawatazama machoni."

"Niliogopa utaniacha, Odi."

"Sasa ndiyo nimekuacha."

Wiki tatu hakupokea simu zake. Aliyapaka chokaa yale maandishi huku akilia kwa hasira. Wateja walipouliza, aliwaambia ukweli; wengine wakamwita tapeli, wakahama.

Habari zikamfikia Anania. Akaja amevaa shati lake la kanisani, kibanda kikiwa na watu, akasimama mbele yao.

"Mananasi yalikuwa yangu, na uongo ulikuwa wangu. Huyu dada alikuwa hajui."

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimsema hadi akachoka. Anania hakujitetea. Kisha akamgeukia Odilia, akamwomba ruhusa ya kutuma wazee kwao.

Odilia aliendelea kumenya nanasi kwa muda, kisu kikigonga ubao kwa nguvu.

"Waje baada ya mavuno," alisema mwishowe. "Lakini waambie hasira yangu watanikuta nayo."