Majuma Matatu Kabla ya Kuhama

Muhire alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, Kigali. Alitoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku, hoi. Mkewe Umwali alishona nguo nyumbani na kumlea binti yao Belise, mwenye miaka saba.

Mwezi wa tano walikwenda Gisenyi, mji ulio kando ya ziwa, kwenye harusi. Kesho yake walishinda ufukweni. Belise alicheza majini na baba yake hadi jua likazama.

"Bon, mi nimeamua," Muhire alisema ndani ya basi la kurudi. "Tuhame. Gisenyi iko muzuri."

Umwali alimtazama binti yao. Belise ana kifafa. Hunywa dawa kila siku, na mwaka mzima hakuwa ameanguka. Je, dawa hiyo ipo huko? Na yeye mwenyewe, wateja wa kushonea atawapata wapi?

Walibishana wiki nzima. Mwishowe Umwali akampigia simu Nyirabagenzi, shangazi yake Muhire. Mama huyo ni mhudumu wa afya katika mtaa wa Nengo, Gisenyi.

"Shangazi, tuje au tusije?"

"Mama Belise, ile mi siwezi kukuamulia. Lakini mulituona siku ya harusi. Muji haujulikane siku ya feti. Mukuje likizo ya shule, mukae majuma tatu. Musiuze kitu. Kila mutu atafute kazi yake."

"Na dawa za mtoto?"

"Omba barua ku daktari wenu. Beba dawa ya mwezi muzima, asikose hata siku moja. Tutaenda ku hospitali pamoja."

Likizo ilipofika wakafanya hivyo, wakafikia kwa shangazi. Daktari wa Gisenyi aliisoma barua, akasema dawa ipo, akawapa tarehe ya kurudi. Umwali alishusha pumzi.

Lakini Muhire alizunguka Nengo siku nane bila kupata kazi. Kila mwenye nyumba alikuwa na fundi wake. Siku ya tisa hakutoka.

"Nilikosea," alisema. "Turudiye Kigali."

Umwali alimwonea huruma. Angeweza kumwambia, "Nilikuambia." Badala yake akakumbuka alichokiona. Jana yake alikuwa amekwenda na shangazi Mahoko, mji mdogo wa jirani, kununua vitambaa. Karibu na soko aliona maduka yanajengwa, na fundi mmoja tu wa vyuma, amezungukwa na watu. Wanawake wawili walioviona vitambaa vyake walimuuliza Umwali kama anashona sare za shule.

"Baba Belise, twende Mahoko kwanza," alisema.

"Mahoko? Kule ziwa haiko!"

"Kazi ipo. Ziwani tutakwenda kutembea."

Muhire alicheka kidogo, akavaa viatu. Fundi yule alimpa mlango mmoja wa kujaribu. Jioni alimwambia arudi kesho.

Hata hivyo hawakuharakisha. Walimuuliza mwalimu mkuu kama shule ina nafasi. Waliuliza maji hutoka siku zipi. Wakapanga nyumba ndogo badala ya kununua. Ndipo wakarudi Kigali kufunga mizigo na kuwaaga majirani.

Sasa wanaishi Mahoko. Mvua ni nyingi, na Umwali bado anawakumbuka rafiki zake wa Kigali. Sare za shule zinamshughulisha. Belise hajaanguka. Muhire hutembea dakika kumi kutoka kazini, na jioni yeye ndiye anayempa mtoto dawa yake, kisha wote watatu hukaa kula.