Injini Iliyoomba Kufungwa

Yule fundi wa gereji ya nyuma ya soko hana maneno mengi, na yaliyompata hayasimulii. Wanaoyajua ni majirani zake. Asubuhi hiyo alikuwa ameinamia injini kuukuu aliyoitoa kwa wauza vyuma chakavu, anakuna kichwa: aifanyie ovaholi na kuisuka upya, au airudishe ilikotoka? Aliitaka kwa ajili ya pikapu ya marehemu mdogo wake. Pikapu yenyewe ilikuwa juu ya mawe, haina injini, haina hata tairi moja. Marehemu alikuwa akiitengeneza kidogo kidogo, mpaka siku gari lilipomgonga njiani na dereva akatokomea.

Injini ilikuwa taabani. Silinda zimechubuka, namba imekwanguliwa. Fundi mwenye akili zake angeachana nayo. Lakini alipoilaza ubavu, mkono wake ukasita. Chini kulikuwa na bolti moja isiyofanana na nyingine, kichwa kimechongwa kwa tupa. Aliichonga mwenyewe siku alipokosa ya dukani, akaifunga kwenye gari la shemeji yake, mume wa dada. Gari hilo shemeji alisema limeibwa, wiki ileile ya msiba.

"Labda wezi ndio waliomgonga," akajiambia.

Mchana shemeji akapita kusalimia. Alipoiona injini, tabasamu likamkauka.

"Shemeji, hiyo maiti. Usihangaike nayo, kaiuze ikayeyushwe."

"Umejuaje imekufa, na hujaigusa?"

Shemeji akatazama saa, akaaga. Hata chai aliyokaribishwa hakuinywa.

Basi fundi akafanya wafanyavyo mafundi wote. Akagusisha ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini akauweka sikioni, akaizungusha injini taratibu kwa spana. Alitarajia kusikia vyuma vikisagana. Akasikia mtu anahema.

Akaacha kuzungusha. Kuhema hakukuacha.

"Kaka."

Jasho likamtoka. Sauti ya mdogo wake angeitambua hata kaburini.

"Alishuka," ikanong'ona. "Akaniinamia. Nikamwita shemeji, nikamwomba maji. Akarudi kwenye gari. Akanipitia tena."

Fundi akaukandamiza mpini sikioni.

"Nifunge kwenye pikapu, kaka. Nikamalizane naye."

Alikaa chini, mgongo ukutani. Dada yake alikuwa na mtoto mchanga, na mume yule dada alimpenda kwelikweli. Kuifunga injini ni kumfanya mjane. Kuitupa ni kumzika mdogo wake mara ya pili, tena kwa mikono yake mwenyewe. Wanasema damu nzito kuliko maji. Sasa damu ikiwa pande zote mbili, mtu ashike ipi?

Akashika hasira. Akabadilisha ringi, akasaga valvu, akakaza kila bolti meno yameumana. Siku mbili hakula la maana, hakupokea simu. Ilipokamilika, mchana wa siku ya tatu, akaining'iniza kwa mnyororo, akaishusha ndani ya pikapu. Hakutia mafuta. Hakufunga betri. Akafunika boneti na kuiwekea kiganja.

"Nenda," akasema.

Haikuwaka. Akanawa mikono. Jua lilikuwa bado kali simu ilipoita. Dada yake hakulia, alinong'ona tu.

"Kaka, njoo."

Shemeji alikuwa kwenye kochi, alikojipumzisha baada ya chakula. Macho wazi, hapumui. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa ndani, dada yupo uani anaanika nguo. Alisikia gari likipita sebuleni. Kwenye shati la mumewe alama ya tairi ilipanda kifuani. Ya pili ilirudi palepale.

Fundi akaona raha. Tusidanganyane, aliona raha, ikamjaa mpaka kooni.

Ndipo alipotazama sakafuni. Alama zilitoka ukutani, si mlangoni. Zilinyooka hadi mkekani alipolala mtoto. Hapo zikapinda. Zikamzunguka taratibu, zisiguse hata ncha ya kanga yake, zikaendelea hadi kwenye kochi.

Dada alizitazama, kisha akamtazama yeye. Kucha za fundi zilikuwa bado na grisi.

"Ulijua?" akauliza.

Fundi akaficha mikono mgongoni. Hilo lilimtosha dada.

Sakafu ile imesuguliwa kwa sabuni, kwa mchanga, kwa mafuta ya taa. Alama zipo hadi leo, na mtoto amejifunza kutambaa juu yake. Na dada, wakikutana na fundi njiani, hamwiti tena kaka. Humsalimu vizuri tu, kwa adabu, kama mteja. Humwita fundi.